Sahani za Matanga

Karakana ya Orpha ilikuwa Turffontein, nyuma ya uwanja wa mbio za farasi. Siku za mashindano kelele za watu zilimfikia mpaka kwenye cherehani, lakini Jumapili mtaa ulitulia kama mtu aliyeshiba, na hiyo ndiyo siku waliyokutana watu wa Uvira na Bukavu, kule Kongo, walioishi upande ule wa Johannesburg. Walikuja moja kwa moja kutoka ibadani. Meza ya kukatia nguo iligeuka meza ya chakula, vitambaa vikasukumwa pembeni, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ikabandikwa jikoni nyuma. Walijiita Familia, jina lingine hawakuwa nalo. Ukifiwa na mtu nyumbani, Familia ilikuja kukaa nawe chini. Ukifia huku, Familia ndiyo iliyokulilia, maana ndugu wa damu walikuwa mbali.

Kwa kazi hiyo ya kulia walikuwa na sahani zao: nyeupe, za udongo, zenye mstari wa buluu ukingoni, zimepangwa ndani ya kreti chini ya meza ya Orpha. Mama Hélène, aliyewazidi wote umri na ukali wa ulimi, ndiye aliyezilinda. Mtoto akithubutu kuchukua moja kwa ajili ya wali wa sikukuu alichapwa mkono.

"Hizi ni za matanga," alisema. "Sahani ya matanga haionjeshwi furaha. Itazoea, halafu siku ya msiba itatuaibisha."

Miongoni mwa waliokuja kila Jumapili alikuwamo Lambert. Kwao Uvira alikuwa mwalimu wa falsafa katika shule ya sekondari. Huku alikuwa mlinzi wa maegesho chini ya jengo moja la ofisi kule Sandton, kazi yake kuinua na kushusha kizuizi cha magari. Mke wake na watoto walichukuliwa na vita. Jambo hilo alilisema mara moja tu, siku alipojitambulisha, kisha akanyamaza nalo. Alipanga chumba upande wa Newtown, na katika jiji lote lile hapakuwa na mlango aliouingia bila kupiga hodi ila mlango wa karakana ya Orpha.

Sufuria ikichelewa kuiva, watu walimchokoza.

"Mwalimu, leo Wayunani wako wanasemaje?"

"Leo wanasema juu ya ubaya."

"Eish! Na tumetoka kuhubiriwa sasa hivi."

Lambert alicheka kidogo, akavuta kigoda. "Zamani kabisa," alianza, "kwao mtu mbaya alikuwa mtu wa chini. Asiye na ukoo, asiye na shamba, anayekimbia vita."

"Bon, basi hapa wote wabaya," alisema Cédric, kijana mwenye mabega mapana aliyesimamia walinzi wa kampuni moja mjini. "Shamba hatuna, na vita tumevikimbia."

Walicheka mpaka Mama Hélène akatoka jikoni kuuliza nani ameanguka.

"Ndiyo maana akatokea mzee mmoja akakataa maneno hayo," Lambert aliendelea. "Alizunguka sokoni akiuliza watu: ubaya ni nini hasa? Mwisho akasema hakuna mtu anayetenda ubaya kwa kupenda. Kila mtu anafuata kile anachodhani kitamfaa. Mwizi anadhani mali itamtuliza. Mtawala anayekula nchi yake anadhani anashiba. Wamekosea tu. Hawajui."

"Wale waliochoma nyumba yangu walijua vizuri sana," alisema Papa François, mwenyekiti wa Familia, ambaye aliuza vitenge katika soko la Newtown. "Walikuja na petroli kabisa."

Lambert alitazama mikono yake.

"Hata mimi nimebishana na mzee huyo, Papa François. Nimebishana naye sana. Na tena baada yake akaja mwingine, akasema hapana, yupo mtu anayeliona jema lile pale, analijua, na bado mkono wake unakwenda upande mwingine."

"Na wewe uko upande wa nani?" aliuliza Orpha, ambaye wengi walimwita Mama Gaëlle kwa jina la binti yake, sindano mdomoni.

"Upande wa yule wa kwanza, Mama Gaëlle. Nikihamia kwa huyu wa pili sitapata usingizi tena."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Watu walimpenda kama wanavyopenda redio ya zamani: ikiwaka inakera, ikizima nyumba inapwaya. Kasoro yake ni kwamba hakujua kunyamaza mtu akikosea. Ukisema neno la Kifaransa vibaya, alikurekebisha. Ukiwasengenya watu wa Afrika Kusini kwamba wote ni wabaya, alikuuliza kwa upole, "Wote? Na yule mama wa spaza aliyekuficha ndani ya duka lake?" Soda ikakupalia.

Orpha naye alikuwa na lake. Alimlea peke yake binti yake Gaëlle, msichana aliyezaliwa huku, anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Jumapili moja Gaëlle alisema anakwenda mazoezi ya kwaya, kumbe alikwenda Newtown na wenzake kucheza dansi barabarani. Orpha alipojua, alimsimamisha mbele ya Familia nzima.

"Mtoto huyu ni mbaya," alisema. "Mbaya kabisa. Ananidanganya huku ananitazama machoni."

Wanawake walitikisa kichwa pamoja naye. Ndipo Lambert akaingilia, sauti yake ya darasani.

"Hapana, Mama Gaëlle. Mbaya ni yule anayelijua jema akalikataa, na mtu huyo mimi bado sijamwona. Huyu anadhani akikuambia kweli utamfungia mlango. Labda hajakosea."

Watu wakacheka. Gaëlle naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma Orpha. Tangu siku hiyo msichana alikaa karibu na Mwalimu, akimuuliza maswali kwa Kiingereza, naye akimjibu kwa Kiswahili, na Orpha akashona nguo zake kimya akijiambia kwamba hana kinyongo.

*

Mwezi wa nne wa mwaka ule wa 2015 maduka ya wageni yalivunjwa katika miji mikubwa, Johannesburg ikiwemo. Hakuna wa Familia aliyepigwa, ila wote walilala na viatu miguuni. Hofu ile ilipopungua ikawaachia ugomvi. Papa François alitaka wakae palepale na kuzungumza na wazee wa mtaa. Cédric alitaka Familia ihame Turffontein na iwe na walinzi wake yenyewe. Kila mmoja alikuwa na watu wake, na watu hao wakaanza kukaa pande mbili za meza ya Orpha. François alimwita Cédric mtu mbaya anayetafuta jeshi. Cédric alimwita François mtu mbaya anayetafuta kupigiwa makofi na wenyeji.

Jumapili moja ya baridi, kelele zilipozidi, Lambert aligonga meza kwa mkasi wa Orpha.

"Watu wa Athene walikuwa na dawa ya jambo kama hili," alisema. "Wakubwa wawili wakiuvuta mji kila mmoja kwake, raia waliitana sokoni, kila mtu na kigae cha chungu kilichovunjika. Unaandika jina moja tu. Atakayeandikwa na wengi anatoka mjini miaka kumi. Hashtakiwi, hanyang'anywi kitu, na nyumba yake inamngoja."

"Kwa hiyo yeye ndiye mbaya?" Mama Hélène aliuliza.

"Hapana, Mama. Hapo ndipo uzuri wa jambo hili. Mtu mbaya anapelekwa mahakamani. Huyu anaondoka tu ili joto lipungue, na hakuna anayemwita mbaya."

"Voilà!" alisema Jeannine, msusi, akipiga makofi. "Tufanye hivyo. Miaka kumi mingi, tuseme mmoja."

"Mimi ninasimulia tu," Lambert alisema, akiinua mikono. "Na wao wenyewe baadaye waliiacha, kwa sababu mara ya mwisho..."

Lakini sufuria ilikuwa imekuja, watu wakageukia chakula, na sababu ile haikusikika. Orpha alikumbuka baadaye kwamba hata Lambert mwenyewe alivuta sahani yake na hakuendelea.

Wiki ile watu walipigiana simu, na jambo lililoanza kama hadithi likawa mpango. François alikubali, akiamini Cédric ndiye atakayetoka. Cédric alikubali kwa imani hiyohiyo. Wakaapa wote, mkono juu ya Biblia ya Mama Hélène, kwamba atakayetajwa atakaa nje mwaka mzima bila kinyongo, asije Jumapili wala kwenye sherehe, na hakuna atakayemwomba arudi kabla. Lambert naye aliapa.

Jumapili ilipofika, Jeannine alileta karatasi.

"Karatasi hapana," alisema Cédric. "Karatasi za kura tunazijua kwetu. Ukizifungia ndani ya sanduku zinazaana."

Walicheka, wa pande zote mbili, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Wakatafuta vigae. Nani ana chungu Johannesburg? Ndipo mtu mmoja, na hakuna aliyekubali baadaye kwamba alikuwa yeye, akavuta kreti kutoka chini ya meza.

"Sahani za matanga?" Mama Hélène alisema. "Mnavunja sahani za matanga? Siku ya kulia mtalia na nini mkononi?"

"Mama, nani anakufa hapa? Sisi wazima."

"Mzaha mzaha, hutunga usaha," alisema mama yule, akarudi jikoni na kufunga mlango.

Wakazivunja uani kwa nyundo, wakicheka kama watoto. Kila mtu akachukua kipande, na kalamu ya wino mzito ikapita mkono kwa mkono.

Orpha alisimama karibu na dirisha na kipande chake. Kilikuwa na mstari wa buluu upande mmoja. Alimfikiria François, aliyemtoa kituo cha polisi siku makaratasi yake yalipokuwa yamekwisha muda. Hakuweza kumwandika. Alimfikiria Cédric, aliyempatia kazi ya kushona sare za walinzi, na ambaye huenda angemnunia mpaka mwisho wa dunia. Hata huyo hakuweza. Ilibidi aandike mtu. Ndipo akawaona Lambert na Gaëlle kwenye kona, wanacheka jambo ambalo yeye hakulisikia.

Akajiambia: mwalimu hawezi kutoka, hata mtu mmoja hagombani naye. Changu kitakuwa kimoja tu, hakitamgusa. Na akikisikia, atacheka na kutueleza maana yake kwa Kiyunani. Akaandika, akatupa kigae ndani ya ndoo, akajisikia mwepesi kama mtu aliyepiga chafya.

Macho ya Mama Hélène hayakuona vizuri maandishi, kwa hiyo alivitoa vigae kimoja kimoja na kumpa Gaëlle asome.

"François," Gaëlle alisoma. "Cédric. Cédric. Lambert."

Watu wakapiga kelele. "Mwalimu! Mchimba kisima huingia mwenyewe!" Lambert akainama kama mtu anayeshukuru makofi.

"Lambert," Gaëlle alisoma. "François. Lambert. Lambert."

Kelele zikapungua. Kila aliyekuwa mle ndani alianza kumtazama mwenzake kwa mshangao, na Orpha aliuelewa mshangao ule, kwa sababu ulikuwa wake pia. Kumbe na wewe? Hapakuwa na njama yoyote. Kila mtu alikuwa amemwogopa François au amemhitaji Cédric, akatafuta mahali pa kutupia kigae chake pasipoumiza, na wote walikuwa wamepata mahali pamoja. Mtu mwema ndiye aliyeonekana hawezi kuumia.

Gaëlle alichukua kigae kingine na hakukisoma. Kilikuwa na mstari wa buluu, na herufi L iliyokunjwa chini kama ndoana, vile Orpha alivyoiandika kwenye mifuko ya wateja. Msichana akamwinulia mama yake macho. Kisha akakiweka mezani, akasema kwa Kiingereza chake kwamba yeye hasomi tena, akatoka nje.

Hakukuwa na haja ya kuendelea. Lambert alisimama, akafunga vifungo vya koti lake kuanzia chini hadi juu.

"Mwalimu, tuufute," alisema Jeannine. "Huu ulikuwa mchezo."

"Tuliapa, Mama Jeannine."

Akampa mkono kila mtu, wa upande huu na wa upande ule. Alipofika kwa Orpha alisema, "Asante kwa Jumapili zote," naye Orpha akajibu, "Karibu tena," kama anavyomwambia mteja.

*

Ugomvi wa François na Cédric ulikufa wenyewe. Waliona aibu kuuendeleza. Kwa maana hiyo dawa ya Wayunani ilifanya kazi. Lakini chakula cha Jumapili kilianza kuliwa haraka, na hakuna aliyeuliza lolote sufuria ilipochelewa. Lambert aliwahi kuwaambia kwamba mtu mbaya anatambulika kwa jambo moja, hawezi kukaa peke yake, maana ndani yake mna ugomvi, na hivyo anatafuta watu ili ajikimbie. Orpha alikumbuka maneno hayo kila alipowasha redio kwa sauti kubwa na kushona. Gaëlle alimjibu anapoulizwa, basi.

Hata kabla baridi haijaisha Orpha alifunga karakana katikati ya juma, akafunga bugali, ugali wa kwao, na sombe ndani ya bakuli lenye mfuniko, akapanda treni ya kasi hadi Sandton. Alimkuta Lambert kwenye kibanda chake cha vioo, kofia ya kazi imemzidi kichwa, shingo imefungwa skafu.

"Mama Gaëlle! Umepotea?"

"Nimekuja kukuchukua, Mwalimu. Jumapili hii urudi."

Gari lilisimama. Kioo kikashuka, na mwanamume wa makamo mwenye tai akapunga mkono. "Mzee, leo umepata mgeni! Karibu, mama."

"Huyu ni Simiyu, Mkenya, yuko benki ghorofa ya juu," Lambert alisema, akiinua kizuizi. "Ananiletea chai asubuhi. Tunabishana." Gari lilipopita aliongeza, "Mwaka haujaisha, Mama Gaëlle."

"Mwaka gani? Watu wote wanajuta."

"Najua. Ninyi si watu wabaya." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Lakini nikirudi kwa sababu mnajuta, kiapo kilikuwa cha nini? Kesho mtamtoa mtu msiyempenda, na huyo hatakuwa na wa kumjutia. Atakaa huko nje mwaka mzima. Wacha nikae mimi, ili muuone urefu wake."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini kidevu kilimtetemeka, naye akageuka kutazama barabara. Orpha akaona kwamba mwalimu alikuwa ameumia kuliko sheria yoyote inavyoweza kueleza, na kwamba Wayunani walikuwa koti tu la kujifunikia.

"Siku ile sikumaliza kusimulia," Lambert alisema baadaye. "Unajua kwa nini Athene waliiacha? Mara ya mwisho wakubwa wawili walipatana, na watu wakaandika jina la mtu wa tatu. Wakaona aibu."

"Kwa hiyo ulijua inaweza kuharibika?"

"Nilijua. Nilikuwa na njaa, chakula kikaja." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Basi nami ni shahidi wa yule mzee wa pili, wa mkono unaokwenda upande mwingine. Usimwambie mtu."

Orpha akashika ukingo wa kibanda. "Mwalimu, unataka kujua nani aliandika?"

Lambert aliinua mkono kama anayesimamisha gari.

"Usinitajie mtu. Niache upande wa yule wa kwanza, bado nina miezi mingi ya kulala peke yangu." Kisha akalipokea bakuli kwa mikono miwili. "Mama Hélène bado anazidisha pilipili?"

"Bado."

"Mwambie apunguze. Hapana, usimwambie. Gaëlle je?"

"Hasemi nami."

"Atasema," Lambert alisema, akaweka bakuli chini, kwa sababu gari lingine lilikuwa limefika.

Orpha alirudi Turffontein akijiahidi kwenda tena. Zikaja sare za shule, zikaja nguo za Krismasi, ikaja harusi. Bakuli lake halikurudi, na alijiambia kwamba atalifuata.

*

Simiyu alikuja Jumamosi moja ya mwezi wa tano mwaka uliofuata. Farasi walikuwa wanakimbia, na kelele za uwanjani zikamfanya aseme maneno yake mara mbili.

"Mama, pole sana. Mzee Lambert ametuacha. Jana asubuhi, hospitalini."

Orpha aliondoa mguu kwenye pedali.

"Kifua," Simiyu alisema. "Alikuwa anakohoa tangu mwaka jana, na kile kibanda ni baridi ajabu. Alipolazwa nilimwambia, Mzee, nipe namba za watu wako niwaite. Akaniambia watu wake wako Turffontein, kwa fundi wa nguo nyuma ya uwanja wa farasi, lakini nisije, mwaka haujaisha. Mimi nikadhani ni mambo ya dini." Alivua miwani, akaifuta. "Ningejua ningekuja tu. Nilikuwa namheshimu."

Akamkabidhi Orpha bakuli lenye mfuniko, safi, limefungwa ndani ya gazeti.

Jioni ile Familia ilikutana. Wote walilia, na kilio kilikuwa cha kweli. Kisha Papa François akapangusa uso na kusimama kama mwenyekiti.

"Kumzika tutamzika, hilo halina mjadala. Ila matanga ya Familia ni ya watu wa Familia, na sheria tuliipitisha sote, tukaapa. Yeye mwenyewe aliiheshimu mpaka kufa. Tumzike kimya, halafu mwaka wake ukiisha mwezi ujao, tukae matanga vizuri."

"Nakubaliana na Papa François," alisema Cédric.

Orpha aliwatazama wakubwa wale wawili wamepatana. Alikumbuka kibanda cha vioo na kidevu kinachotetemeka. Mtu aliyekuwa na mlango mmoja tu wa kuingia bila hodi alikuwa amesimama nje yake, na hata sasa, amekufa, anaambiwa angoje.

Kwao, nyumba ya msiba hutolewa vyombo. Vitanda, meza, viti, vyote nje, ili watu wakae chini na marehemu. Na anayetoa vyombo vyake hahitaji kusema kitu: amesema kwamba aliyekufa ni wa nyumba yake. Orpha alisimama, akashika cherehani yake kubwa, ile ya miguu ya chuma, akaanza kuiburuta kuelekea mlangoni. Chuma kililia juu ya saruji. Haikusogea sana.

"Mama Gaëlle, unafanya nini?" François aliuliza. "Tunaongea hapa."

Akavuta tena. Upande wa pili wa cherehani ukainuka, naye akainua macho na kumwona Gaëlle ameshika, ameuma midomo. Wakaitoa pamoja hadi ukutani nje, wakarudi kuchukua ya pili. Mama Hélène alinyanyua kigoda alichokuwa amekalia. Jeannine akakusanya vitambaa. Mwisho Cédric mwenyewe, bila kumtazama mtu, akaiweka meza ya kukatia begani, na François akabaki amesimama katikati ya chumba kitupu akiwa hana pa kuegemea, mpaka naye akavua viatu na kuketi chini.

Baada ya maziko walirudi hapohapo, Simiyu na walinzi wawili wa Sandton wakiwa nao. Mama Hélène alivuta kreti. Ndani zilibaki sahani chache, zile zilizokuwa chini kabisa, ambazo nyundo haikuzifikia. Hakusema alichowahi kusema. Alipakua, akaweka sahani moja kati ya kila watu wawili, na zilipoisha akaweka moja kati ya watatu. François na Cédric wakajikuta wanakula pamoja, vidole vyao vikipishana kwenye bugali. Sombe ilikuwa na pilipili nyingi. Watu walifuta macho wakisema ni pilipili.

Orpha alihudumia mpaka mwisho. Aliposimama na mikono mitupu, hapakuwa na sahani iliyobaki. Gaëlle alikuwa ameketi chini ya dirisha, mahali palepale mama yake aliposimama siku ile na kigae. Hakumwita. Aliisogeza tu sahani yake kidogo, ikawa mbele ya watu wawili.

Orpha akaketi. Alitaka kusema hakujua. Neno lilikuwa tayari mdomoni, naye alijua Lambert angelipokea kwa mikono miwili, kama alivyolipokea bakuli, na angelala nalo vizuri. Alilitazama lile neno, akaona si lake.

"Nilijua," alimwambia binti yake. "Kidogo. Lakini nilijua."

Gaëlle hakumtazama. Alimega bugali, akachovya kwenye sombe, akala polepole upande wake wa sahani, na ule wa mama yake akauacha kama ulivyo.